Kule Alikwenda Kule

Kwetu Kasese mtoto wa kiume wa nne huitwa Kule.
Usinicheke. Kiswahili kilipovuka mpaka wa Mpondwe
kililikuta jina langu limeshakaa mlangoni,
na tangu hapo watu hunisonta kidole:
Kule yuko wapi? Yule kule.

Basi Kule alikwenda kule.
Mzee mmoja na mkewe, niliowaendesha siku kumi
tukingoja simba wa Ishasha ateremke mkuyuni,
walinitumia tiketi ya Praha.
Kaka yangu Masereka, mpagazi wa mlimani,
akaniazima koti lake la barafuni,
linanuka moshi wa kambi na soksi zisizokauka.

Sitasema mengi juu ya mji.
Mawe yake yameliwa na nyayo, yanang'aa kama sufuria ya harusi.
Darajani sanamu zimejipanga huku na huku
kama askari waliosahauliwa zamu.
Choo nililipia. Nikaigeuza bei kuwa shilingi,
haja ikanipotea.

Ile saa ya mnarani ndiyo iliyonishika.
Watu wamejazana chini yake,
simu juu, shingo juu, midomo wazi,
nami nikaijua ile hali papo hapo:
ni sisi, chini ya mkuyu.
Saa tisa kamili mifupa ikavuta kamba,
vidirisha vikafunguka, watakatifu wakapita wakichungulia,
kisha jogoo wa dhahabu akawika,
alasiri, jua lingali juu!
Kwetu jogoo wa hivyo angelala chunguni.
Dakika haikutimia. Simu zikashuka.
"Ndiyo hiyo tu?" akauliza mtu nyuma yangu,
kwa sauti ileile ninayoisikia
simba anapopiga miayo na kulala tena.

Kiongozi wetu, Zdenka, alishika mwavuli wa njano
ambao hakuufungua hata mvua iliponyesha.
Alisimulia kwamba fundi wa saa alitobolewa macho
asije akaunda nyingine kwa ajili ya wengine,
akanyamaza pale pa kunyamazia,
akatabasamu pale pa kutabasamia,
na mimi nikasikia pasi ikipita:
hadithi iliyonyooshwa kila asubuhi
hata mikunjo imekwisha, umebaki mng'ao.
Ninayo yangu kama hiyo. Ya kiboko na deni lake kwa moto.

Baadaye nikamkuta kwenye ngazi za kanisa,
kiatu kimoja kando, mkate magotini.
Nikamwambia: Mimi pia.
"Wewe pia nini?"
Mwavuli wangu ni Land Cruiser.
Akacheka kicheko ambacho hakikuwa cha kazi.
Akasema: "Mwaka wa tisa sijaitazama saa ile.
Ikilia, mimi huipa kisogo, nahesabu vichwa."

Sikumjibu. Nilikuwa nakumbuka, au najaribu kukumbuka,
ni lini mawingu yalipofunguka juu ya Rwenzori
nami nikaitazama theluji yenyewe,
si nyuso za wageni
kuona kama wameiona.

Nilimpa bahashishi. Akakataa, akakubali.
Sote wawili twaijua ngoma hiyo.

Juzi nilirudi kazini. Katwe, ukingoni mwa mashamba ya chumvi,
wageni wangu wamesimama, lenzi zinameta.
Biira yumo majini hadi mapajani,
anakwangua chumvi, hainui uso,
miguu yake imechubuka weupe kama ukuta wa zamani.
Nikafungua kinywa nianze ile ya kwanza,
ile ya mfalme na ziwa,
nikaifunga.
Nikawaambia: Huyu ni Biira. Msalimieni kwanza.
Wakababaika. Mmoja akasema "Jambo" kwa kamera.

"Kule!" akaita Biira. "Leo umeniletea wangapi?"
Kumi na mmoja.
Akasukuma chumvi yake kando, akajinyoosha mgongo.
"Na wewe huko kule, walikuhesabu?"

Walinihesabu, dada.
Nilikuwa wa kumi na tisa.